Bata Wasioruka na Kuku wa Mama Ntandu

Wanangu mnaoanza kazi ya mifugo, mwezi uliopita mmoja wenu alinitumia picha kwenye simu. Bata wa mwitu wamejazana pembeni mwa bwawa, manyoya yametapakaa kwenye matope, na chini ya picha ameandika: "Mama shikamoo. Bata hawaruki. Tuanze kuua kuku?" Nilikuwa nakunywa chai hapa nyumbani Utemini, Singida mjini. Nikaweka kikombe chini nikampigia hapo hapo, hata shikamoo yake sikuiitikia. Nikamwambia asimguse kuku wa mtu yeyote, akae kwanza awaangalie wale bata, nami nitamweleza. Halafu nikaona badala ya kumweleza yeye peke yake, bora niwaandikie wote. Swali lile niliwahi kujiuliza mwenyewe, na nilijibu vibaya.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mnyiramba, nimezaliwa Iguguno, nyumba ya alizeti na kuku. Kazi yangu yote nimeifanyia mkoa huu huu wa Singida, nusu yake nikiwa juu ya pikipiki. Vijijini mtu wa mifugo anaitwa bwana mifugo, na mimi kuwa mwanamke hakukubadilisha kitu. "Bwana mifugo amefika, leo amevaa gauni," ndivyo walivyokuwa wakitangaziana. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikazoea, na sasa nimestaafu naona hata nalikosa jina lenyewe.

Chuoni tulifundishwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Bata wa mwitu hawakuwemo. Hawana mwenyewe, hawaogeshwi, hawapigwi chapa, kwa hiyo nani awafundishe? Lakini bwawa la kijiji ni moja. Ng'ombe wanakunywa pale, kuku wa jirani wanadonoa pale, na bata wa mwitu wanalala pale. Ukitaka kuwa bwana mifugo mzuri utawajua tu, upende usipende.

Mimi nilianza kuwajua kwa kudanganywa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa napita kando ya lambo, nikamwona bata mdogo mwenye mdomo mwekundu anajikokota kwenye nyasi, bawa moja limelegea, analia. Nikasema maskini, amevunjika. Nikaegesha pikipiki nikamfuata. Nikikaribia, anajikokota mbele kidogo. Nikainama, anasogea tena. Alinipeleka hivyo mpaka matope yakanifika magotini, kiatu kimoja kikabaki huko chini. Kisha bawa likapona ghafla, akaruka, akazunguka juu yangu mara moja na kwenda zake. Wachunga ng'ombe ng'ambo ya pili walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akanipigia kelele: "Bwana mifugo, ana watoto huko ulikotoka!" Nikarudi nikaangalia, na kweli, kwenye nyasi karibu na pikipiki yangu kulikuwa na vifaranga tisa wametulia kimya. Mama yao alikuwa ananiondoa kwao kwa akili.

Ningekuwa na akili kama za yule bata, siku ile ningejifunza kwamba ndege anaweza kuonekana mgonjwa na asiwe mgonjwa. Sikujifunza. Nilifua suruali tu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Nilikuwa mwaka wa tatu kazini, nimepanga chumba Ihanja, na vijiji vya kuzunguka pale ndivyo vilikuwa vyangu. Siku hizo redio ilikuwa inatangaza mafua ya ndege asubuhi na jioni. Kila mtu alikuwa na hofu, na sisi watu wa mifugo tulikuwa na hofu kuliko wote, maana tulijua kuku wa Singida anakwenda mbali. Akitoka hapa na ugonjwa, anashuka nao Dodoma, anashuka nao Dar es Salaam. Tuliambiwa tukae macho. Tuliambiwa pia tukiona kitu tuchukue sampuli, tutoe taarifa, tusubiri majibu. Hiyo sehemu ya kusubiri mimi niliisikia kwa sikio moja.

Mvua zilikuwa zimeisha, alizeti zinavunwa. Mtendaji wa kijiji kimoja, jina la kijiji naliacha, akanipigia simu: "Bwana mifugo, njoo haraka. Bata wa bwawani hawaruki. Watu wanawakimbiza kwa miguu."

Nilifika nikakuta kama alivyosema. Manyoya marefu ya mabawa yalikuwa yamejaa ufukweni, ungedhani mtu amekaa pale wiki nzima ananyonyoa. Bata wenyewe walikuwa kundi kubwa, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi. Nilipowasogelea walikimbia juu ya maji wakipiga vibawa vifupi, hakuna aliyenyanyuka, wakazama kwenye matete. Nikamwambia mtendaji, "Huu ndio wenyewe."

Nyumba iliyokuwa karibu kabisa na bwawa ilikuwa ya Mama Ntandu. Alikuwa mjane, mtu mzima kuliko mama yangu mzazi kwa miaka michache, mfupi, na mwenye sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Hakuwa na ng'ombe. Shamba lake lilikuwa dogo na la mawe. Alikuwa na kuku thelathini na mmoja, na kwa kuku hao alikula, alivaa, alimsomesha binti yake wa mwisho, na mgeni akija hakuona aibu. Kuku wake walishinda bwawani wakidonoa pamoja na bata.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umekuja na mtendaji? Nimeiba?"

Nikamweleza kwamba kuku wake wote lazima wauawe. Nikatumia maneno makubwa ya chuoni, mlipuko, maambukizi, karantini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa utaratibu kabisa:

"Mwanangu, hao bata si wagonjwa. Kila mwaka mvua zikiisha wanavua manyoya. Wanakaa hivyo mwezi, yakiota wanaondoka. Mimi nimeolewa hapa nikiwa msichana, nawaona."

"Mama, huu ugonjwa ni mpya. Zamani haukuwepo."

"Ugonjwa ni mpya, lakini bata ni wale wale."

Angalieni jibu lile, wanangu. Lilikuwa jibu zuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika kwenye daftari langu. Lakini mimi nilikuwa na cheti, yeye alikuwa na khanga kiunoni. Nikamwambia kwa ukali kwamba akikataa atakuwa ameliua taifa zima. Ndiyo, nilisema hivyo, taifa zima. Akaongea Kinyaturu kidogo akiangalia pembeni. Mimi Kinyaturu naelewa nusu, na nusu ile ilinitosha kujua kwamba sijasifiwa.

Tuliwaua siku ile ile. Nilivaa barakoa na glavu, mtendaji akaleta vijana wawili na mafuta ya taa, tukachimba shimo nyuma ya nyumba. Sitawaelezea zaidi, mnajua kuku anavyouawa. Mama Ntandu hakulia. Tulipokuwa tunafukia alichukua ufagio akalifagia banda, taratibu, kona zote, banda ambalo halikuwa na kuku hata mmoja. Nilipomaliza akanimiminia maji ninawe mikono, kama anavyomfanyia mgeni yeyote. Hilo la maji ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nikafunga kijiji. Hakuna kuku kutoka. Wachuuzi wanaopakia matenga ya kuku juu ya mabasi wakapewa habari, wakakikimbia kijiji kizima. Kisha, na hapa ndipo mcheke au mlie, ndipo nikachukua sampuli. Nilikamata bata watatu, nikafanya yale ambayo yalitakiwa yafanyike kwanza, nikapeleka kwa wakubwa.

Siku ya pili nilikwenda mjini kununua dawa ya kupulizia. Duka la dawa za mifugo nililolizoea lilikuwa la Bwana Karim, Mhindi wa Singida hasa, babu yake alizikwa hapa. Alikuwa na miwani mizito na darubini ndogo aliyoiweka kwenye droo moja na vitabu vya risiti. Jumapili, duka likifungwa, alikwenda Ziwa Kindai kuangalia ndege. Watu walimwona ana kasoro kidogo kichwani, na mimi nikiwa mmoja wao. Nikamsimulia kazi yangu ya jana kwa kujidai.

Hakunisifu. Aliuliza kama anahudumia mteja: "Waliokufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa bado."

"Wanakula?"

Nikafikiri. "Wanakula."

"Wanakukimbia?"

"Wanakimbia sana, wanajificha kwenye matete."

"Manyoya yaliyodondoka ni ya mwili au ya mabawa?"

"Ya mabawa. Marefu."

Bwana Karim alivua miwani akaifuta kwa shati lake, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Dada yangu," akasema, "hao wamebadilisha nguo tu. Bata si kama kuku anayepoteza unyoya mmoja mmoja. Yeye anaangusha ya mabawa yote kwa pamoja, anakaa chini wiki tatu, nne, mpaka mapya yaote. Ndiyo maana anatafuta maji mengi na matete, ajifiche. Umewaua kuku wa nani?"

Nilisimama pale dukani na kopo la dawa mkononi, nikatamani sakafu ipasuke.

Majibu ya sampuli yalichukua siku kumi na mbili, nami siku hizo sikulala vizuri hata moja. Yalikuja kama Bwana Karim alivyosema. Bata wazima kabisa.

Hapo palikuwa na njia mbili. Wakubwa wangu hawakunilaumu. Mmoja aliniambia nifungue kijiji kimya kimya, niseme hatari imepita, watu watasahau. Ningeweza. Mama Ntandu angebaki anajua, mimi ningebaki najua, na basi. Niliwaza hilo njia nzima kutoka mjini mpaka Ihanja, na nakiri kwenu kwamba kwa sehemu kubwa ya njia nilikuwa nimeshakubali. Lakini kila nikikumbuka yale maji ya kunawa nilishindwa. Nikamwomba mtendaji aitishe mkutano wa kijiji. Nikasimama mbele ya watu nikasema: bata hawakuwa wagonjwa, kuku wa Mama Ntandu hawakuwa wagonjwa, yeye aliniambia ukweli na mimi sikumsikiliza, nimekosa.

Kelele zilipigwa. Wazee wakasema nitozwe mbuzi wa faini. Mwingine akataka pikipiki yangu. Mama Ntandu akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Mbuzi sina pa kumfunga," akasema. "Mimi nataka aje kwangu kila asubuhi akae pale bwawani, mpaka hao bata waruke. Awaone kwa macho yake."

Watu wakacheka, wakaona ni adhabu ya mtoto. Mimi sikucheka. Nilikwenda asubuhi kumi na moja mfululizo, kabla ya kazi, nikakaa kwenye gunia la mashudu ya alizeti alilonitandikia. Yeye alikaa pembeni akichambua mboga au kusuka mkeka. Elimu yangu ya bata nimeipata kwenye lile gunia.

Aliniambia bata wa mluzi ni mume na mke kweli, si kwa maneno. Wanapokezana kulalia mayai, na ukiwaona wawili wamesimama wananyooshana manyoya ya shingo, mmoja anainamisha kichwa mwenzake amtafutie, ujue wale ni wa nyumba moja. Aliniambia mchana ni watu wa kusimama tu ufukweni kama wanasubiri mkutano, na kwamba wakienda kula jioni utawasikia kwa mluzi kabla hujawaona. Alinionyesha bata bukini wa mwitu, wale wakubwa wa rangi ya kahawia, wanavyogombana na kila mtu kwa ajili ya kipande cha ufuko. "Wale ni wenyeviti," akasema. Aliniambia pia kuhusu bata dume mwenye nundu juu ya mdomo, ambaye mke wake hutaga kwenye shimo la mti mkubwa, na vifaranga wakishaanguliwa wanajirusha chini wenyewe, pap, pap, wanadundika kwenye majani na kumfuata mama yao majini. Nilimwambia haiwezekani. Akaniangalia tu, nikakumbuka nipo pale kwa sababu gani.

Na hili liandikeni. Bata anayebadilisha manyoya anakula, anakwepa, anakaa na wenzake, jicho lake kavu na kali. Mgonjwa anajitenga, kichwa kimelala mgongoni au shingo imepinda, ukimfuata anakuangalia tu. Ukiokota unyoya uliodondoka, angalia mwisho wa shina lake. Wa kubadilisha ni mkavu na safi, umemaliza kazi yake. Na ukimshika bata mwenyewe, utaona mapya yanachomoza kwenye bawa yakiwa bado na damu ndani, kama vijiti vya bluu. Msiyavunje, atatoka damu nyingi.

Asubuhi ya kumi na moja mmoja alikimbia juu ya maji kama kawaida, ila hakusimama. Akanyanyuka. Akafuata mwingine, kisha kundi zima likainuka kwa mluzi, likazunguka bwawa mara mbili na kuelekea kaskazini. Nililia. Mama Ntandu akaniacha nilie, kisha akasema, "Haya, nenda kazini, umeshachelewa."

Kuku nilimrudishia, ingawa kwa kuanza nilichemsha. Nilimletea kuku weupe wa kisasa sita kutoka mjini, nikaona nimefanya la maana. Wale hawakujua mwewe ni nini. Walikaa wazi kama wanapigwa picha, na katika wiki moja wanne walikuwa wamekwenda. Mama Ntandu alicheka mpaka akashika mbavu, na ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ya shimo. Nikaenda Iguguno kwa mama yangu, nikamweleza yote, akanitukana vizuri kisha akanipa mitetea mitano ya kienyeji na jogoo. Majirani nao wakamfanyia ile ya huku kwetu, unamkabidhi mwenzako mtetea aulee, vifaranga mnagawana. Banda likaanza kuwa na sauti tena.

Lakini kijiji hakikurudi kwangu. Nikisema habari za minyoo, wanaitikia na hawafanyi. Pikipiki yangu ikisikika, kuku wanafungiwa kwenye vihenge vya nafaka. Sikuweza kuwalaumu.

Mwaka uliofuata, wakati wa joto kabla ya mvua, kideri kikaingia, ule mdondo wa kuku. Hiki si cha redioni, mnakijua. Kijiji cha pili kutoka kwetu kuku walikufa karibu wote katika siku nne, shingo zimepinda, mavi ya kijani. Chanjo ilikuwepo, tone moja kwenye jicho moja, kazi ya sekunde. Lakini ikishachanganywa haingoji, inataka imalizike siku hiyo hiyo. Nikatangaza: kesho alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, waletwe uwanja wa ofisi ya kijiji.

Nilifika na kisanduku cha barafu. Mtendaji alikuwepo. Hakuna mwingine. Jua likachomoza, likapanda. Niliwaona watu wamesimama mbali kwenye milango yao, mikono kifuani, wananiangalia. Nilijua kabisa kitakachotokea. Kuku wa kijiji kile wangekufa wote wiki ile, kwa sababu ya kuku thelathini na mmoja niliowaua mimi. Nikaanza kufunga kisanduku.

Ndipo nikamwona anakuja, tenga kichwani, anatembea bila haraka. Akalitua miguuni pangu. Jirani yake mmoja, mwanamke aliyesimama kwenye uzio, akamwita kwa sauti ya kuumia: "Mama Ntandu! Umesahau?"

"Sijasahau," akajibu, na safari hii alipandisha sauti, wote wasikie. "Shimo lipo nyuma ya nyumba yangu, nalipita kila siku. Lakini huyu alirudi akasema 'nimekosa', mbele yenu. Wataalamu wengine wakikosea wanafanya nini, mimi sijui. Huyu najua. Leteni kuku."

Akaingiza mkono kwenye tenga, akamtoa mtetea mwekundu, akamshika kichwa na kunigeuzia jicho. Nikaminya chupa kwa haraka, tone la kwanza likaangukia kwenye manyoya. Nilimwangalia Mama Ntandu nikaona aibu inanipanda.

Akamshika kuku vizuri zaidi.

"Rudia," akasema.